Sanaa Mbele ya Nyaraka za Wakoloni: Uhakiki wa Kinjeketile, Afterlives na The Empty Grave

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wasanii wanavyozikabili nyaraka zilizoachwa na utawala wa Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Kazi tatu zimeteuliwa: tamthiliya ya Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, riwaya ya Afterlives (2020) ya Abdulrazak Gurnah, na filamu ya hali halisi ya The Empty Grave (2024) iliyoongozwa na Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay. Uchambuzi umeongozwa na mawazo ya Michel-Rolph Trouillot kuhusu ukimya katika uandishi wa historia. Makala yanadai kwamba uhakiki wetu umezoea kuzisifu kazi za aina hii kwa kuwa zinahifadhi historia, na kwamba sifa hiyo inaficha jambo la msingi. Kazi zilizo bora huliacha pengo la nyaraka lionekane, na huionesha hadhira ni nani aliyelichimba. Makala yanabainisha pia mahali ambapo kila kazi inaukwepa wajibu huo.

1.0 Utangulizi

Mtu anayetaka kusoma habari za Vita vya Maji Maji (1905–1907) katika maandishi ya wakati wenyewe hana budi kuanza na maandishi ya walioshinda. Mafaili ya serikali ya Wajerumani yaliyobaki Dar es Salaam yanatunzwa katika Nyaraka za Taifa, na mwaka 1997 yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Sehemu yake imeandikwa kwa mkono, kwa Kijerumani, kwa hati ya zamani ambayo hata Wajerumani wengi wa leo huisoma kwa taabu. Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyelitawala koloni wakati wa vita, alichapisha kitabu chake kuhusu vita hivyo mwaka 1909. Mkulima wa Umatumbi aliyelazimishwa kulima pamba hakuacha kitabu. Katika mafaili anaonekana kama hesabu: ya kodi, ya vibarua, ya waliouawa. Na hesabu zenyewe hazipatani. Makadirio ya waliokufa kwa risasi na kwa njaa iliyofuata yanaanzia 75,000, idadi iliyotolewa na Wajerumani, na kufikia 300,000 katika utafiti wa mwanahistoria G. C. K. Gwassa.

Ni kweli kwamba wenyeji hawakunyamaza. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi kuhusu vita vya Wadachi katika Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga utenzi wa Maji Maji. Hata hivyo, utenzi huo wa pili ulichapishwa Berlin mwaka 1933, katika jarida la Chuo cha Lugha za Mashariki cha huko, kabla ya W. H. Whiteley kuutoa tena Afrika Mashariki mwaka 1957. Hata sauti ya mshairi wa Lindi imetufikia kwa kupitia meza ya mhariri wa Kizungu.

Katika mazingira hayo, msanii anayetaka kuisimulia zama ile anaingia katika ghala ambalo hakulijenga yeye wala wazee wake. Swali la makala haya ni hili: anafanya nini humo ndani? Jibu lililozoeleka katika tasnifu zetu ni kwamba msanii anahifadhi historia, au kwamba kazi yake ni kioo cha jamii ya wakati ule. Jibu hilo halitoshi. Kioo huonesha kilicho mbele yake, ilhali tatizo la nyaraka za kikoloni ni kile kisichokuwamo. Msanii anayeliziba pengo kwa hadithi nzuri, kisha akaliacha lisionekane, anamsaidia bila kukusudia yule aliyelichimba. Hoja ya makala haya ni kwamba ubora wa kazi za kumbukumbu ya ukoloni upimwe kwa namna zinavyolishughulikia pengo lenyewe.

2.0 Kiunzi cha Nadharia

Katika Silencing the Past (1995), Trouillot, mwanaanthropolojia wa Haiti, anaeleza kwamba ukimya huingia katika historia kwa hatua nne. Hatua ya kwanza ni pale ushahidi unapoundwa: tukio moja huandikwa na jingine halitajwi. Ya pili ni pale ushahidi unapokusanywa na kuwekwa katika hifadhi. Ya tatu ni pale msimulizi anapochagua atakachokisimulia kutoka katika hifadhi hiyo. Ya nne ni pale jamii inapoyapa masimulizi uzito na kuyafanya kuwa historia yenyewe, kwa sikukuu, sanamu, mitaala na mitihani.

Faida ya mawazo haya kwa mhakiki wa fasihi ni mbili. Kwanza, yanamwezesha kuuliza msanii fulani anapambana na ukimya wa hatua ipi, maana ukimya wa mkulima asiyeandikwa kabisa haufanani na ukimya wa fuvu lililoandikwa namba katika daftari la makumbusho. Pili, yanakumbusha kwamba kazi ya sanaa nayo ni simulizi. Inachagua, inaacha, na baadaye inaweza kupewa uzito hadi ikawa nyaraka. Kwa hiyo inaweza kuzaa ukimya wake yenyewe. Kazi tatu zilizoteuliwa zinahusu utawala mmoja wa kikoloni, lakini kila moja inakabiliana na ukimya wa hatua tofauti.

3.0 Kinjeketile: Shaka Iliyowekwa Jukwaani

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliandika Kinjeketile katika miaka ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kikiitafuta historia ya Maji Maji kwa njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi na walimu wa historia walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee waliovikumbuka vita. Huo ulikuwa ukimya wa hatua ya kwanza ukishughulikiwa kwa dharura, kwani mashahidi walikuwa wazee sana. Tamthiliya na utafiti huo vilizaliwa katika hali moja, lakini Hussein hakudai kufanya kazi ya mwanahistoria. Katika utangulizi wake anamtahadharisha msomaji kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe wa ubunifu, asichukuliwe kuwa picha kamili ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe.

Tahadhari hiyo si ya kawaida katika fasihi ya miaka ya mwanzo ya Azimio la Arusha, ambapo taifa changa lilihitaji mashujaa. Uzito wake unaonekana tukilinganisha mpangilio wa tamthiliya na wa historia. Katika historia, pamba iling'olewa Nandete mwezi Julai 1905, na Kinjeketile akanyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, kabla vita havijaenea kusini yote. Hakuishi kuyaona matokeo ya maji yake. Katika tamthiliya, kinyume chake, bado yuko hai baada ya watu kuteketea. Amefungwa pamoja na Kitunda, na Kitunda anamsihi akane, awaambie watu kwamba maji yalikuwa uongo. Mwandishi amemwongezea mhusika wake siku za kuishi ili aweze kuulizwa swali ambalo mafaili ya Mohoro hayakumwuliza: baada ya vifo vyote hivi, bado unalisimamia neno lako?

Jibu la Kinjeketile ndilo kiini cha tamthiliya. Anakataa kukana. Sababu yake si kwamba bado ana yakini juu ya maji. Yeye mwenyewe amekwishatiwa wasiwasi, hasa na sehemu ile ya maneno ya Hongo inayowaahidi watu kuwa chini ya Seyyid Said, jambo ambalo anatambua kuwa ni kubadilisha mtawala tu. Anakataa kwa sababu anajua kukana kwake kutatumiwaje: watoto watakaokuja watafundishwa kwamba kupigana na wakoloni kulikuwa ujinga. Kwa istilahi ya Trouillot, mhusika anaona kwamba anapigania hatua ya nne akiwa bado ndani ya hatua ya kwanza. Analinda namna tukio litakavyokumbukwa, na anafanya hivyo kwa gharama ya ukweli wa maji yenyewe.

Wahakiki wengi wameisoma tamati hii kama ushindi wa itikadi ya ukombozi. Usomaji huo una haki yake, lakini unaiondoa shaka ambayo mwandishi ameijenga kwa uangalifu tangu Kinjeketile alipotoka mtoni. Hussein hatupi nafasi ya kushangilia bila kuhesabu maiti. Von Götzen na wenzake walieleza vita kama kazi ya waganga waliowahadaa washamba. Njia nyepesi ya kuwajibu ingekuwa kumfanya Kinjeketile kuwa jemadari mwenye akili ya kisasa aliyewaunganisha makabila kwa hila ya maji. Hussein hakuichukua njia hiyo, wala hakukubaliana na gavana. Amemwacha mtu aliyeamini, akashuku, na akabeba matokeo. Pengo la kile alichokiwaza Kinjeketile wa kweli limebaki pengo, na msomaji analijua.

Hata hivyo, tamthiliya ina ukimya wake. Inafunguliwa na wanawake wawili, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wakizungumza juu ya njaa na kazi ya shuruti, na hapo ndipo ukoloni unapoonekana kwa ukaribu zaidi: katika chungu kisicho na chakula na katika mwili wa binti anayenyakuliwa na askari. Kadiri mipango ya vita inavyopamba moto, sauti zao zinafifia, na vita vinakuwa shughuli ya wanaume wanaobishana. Ilhali katika historia ya Ungoni alikuwapo Mkomanile, kiongozi mwanamke aliyeyapokea maji na kunyongwa pamoja na wanaume. Hussein hakulazimika kumwandika. Lakini mhakiki analazimika kusema kwamba mlango uliofunguliwa na wanawake wale wawili haukutumiwa.

Ukimya wa pili haukusababishwa na mwandishi. Kwa kusomwa kwa miongo mingi madarasani, Kinjeketile imekuwa chanzo cha historia kwa Watanzania ambao hawajawahi kuona hata ukurasa mmoja wa masimulizi ya wazee wa Umatumbi. Mwanafunzi hukumbuka maneno ya mhusika kana kwamba yalinukuliwa Mohoro. Utangulizi wa mwandishi hurukwa kwa kuwa hautoki katika mtihani. Hivyo kazi iliyoandikwa kwa shaka imegeuzwa kuwa yakini, na tahadhari iliyowekwa mlangoni imeondolewa na sisi wenyewe wasomaji na walimu.

4.0 Afterlives: Jina Katika Faili

Riwaya ya Gurnah inaanza pale tamthiliya ya Hussein inapoishia. Maji Maji yamekwisha au yanaelekea ukingoni, na maisha ya mji wa pwani usiotajwa jina yanaendelea: karani Khalifa na mkewe Bi Asha, kijana Ilyas aliyesomeshwa na Wajerumani, mdogo wake Afiya, na Hamza anayerudi kutoka jeshini akiwa na jeraha. Wawili kati yao, Ilyas na Hamza, walijiunga kwa hiari na jeshi la askari wa Kijerumani. Hapa Gurnah anagusa jambo ambalo kumbukumbu ya kitaifa haikulipenda: vita vya kikoloni vilipiganwa kwa sehemu kubwa na Waafrika dhidi ya Waafrika. Askari hana nafasi katika orodha ya mashujaa, na katika mafaili ya Wajerumani ana nafasi ya mtumishi mwaminifu tu. Pande zote mbili zimemnyima nafsi.

Gurnah anairudisha nafsi hiyo kwa mambo madogo madogo. Hamza anafundishwa Kijerumani na ofisa wake, anapigwa, anakatwa kwa upanga, na anabaki na kitabu cha mashairi ya Kijerumani ambacho hakuna mtu mjini anayeweza kukisoma isipokuwa yeye. Afiya anapigwa na mjomba aliyekuwa akimlea hadi anavunjwa mkono, kwa kosa la kujua kuandika. Anaokolewa na kikaratasi alichomwandikia Khalifa, maneno machache ya Kiswahili ya kuomba msaada. Inafaa kukitazama kikaratasi hicho kama waraka. Hakina muhuri wala namba, hakitaingia katika hifadhi yoyote, na msomaji anakijua kwa sababu tu mwandishi amekibuni. Lakini kwa kukibuni, mwandishi ametuonesha ni aina gani ya maandishi iliyokosekana katika ghala: ya msichana wa Kiswahili anayejieleza kwa lugha yake.

Jambo kuu la riwaya kwa mada hii ni Ilyas. Anakwenda vitani na harudi. Kwa miaka mingi Afiya anamngoja kaka yake bila taarifa. Mtoto wa Afiya na Hamza anapewa jina la mjomba huyo, na ngoja ile inamwingia mwilini: mtoto anazungumza kwa sauti isiyo yake, sauti ya mwanamke inayomtafuta Ilyas, na jamaa wanalazimika kumwita mganga. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Asiyezikwa na asiyejulikana alipo huwarudia walio hai. Kile ambacho hifadhi haikukisema kinasemwa kwa kinywa cha mtoto.

Mwisho wa riwaya kijana huyo anakwenda Ujerumani Magharibi katika miaka ya 1960 kwa masomo, na huko, akisaka katika nyaraka, anaigundua habari ya mjomba wake. Ilyas alikuwa mwimbaji, aliandamana na waliotaka Ujerumani irudishiwe makoloni, akashtakiwa kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa katika kambi ya Sachsenhausen na kufia humo. Msomaji anayezijua habari za Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Berlin kama Bayume Mohamed Husen, ataona mfanano. Mtu huyo alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingia jeshini akiwa mtoto, akaenda Berlin kudai mshahara wa vita wa baba yake na wake mwenyewe, na akakataliwa. Alifanya kazi ya utumishi wa mezani, akafundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki, chuo kilekile ambacho jarida lake liliuchapisha utenzi wa Abdul Karim. Aliigiza pia katika filamu za kikoloni, ikiwamo ile ya Carl Peters ya mwaka 1941. Alifia Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Eva Knopf, katika filamu yake Majubs Reise (2013), amemtafuta mtu huyo kwa kuzitazama upya filamu hizo za zamani, akimwondoa jicho nyota wa mbele na kumwelekeza mtazamaji kwa mtu mweusi aliyesimama nyuma yake.

Ulinganisho wa kazi hizi mbili unaangaza mbinu ya Gurnah. Knopf anaanza na picha iliyopo na kutafuta mtu ndani yake. Gurnah anaanza na dada anayengoja, na anaiacha picha ije mwishoni, ikiwa imechelewa. Taarifa inapopatikana inasimuliwa kwa kurasa chache, kwa lugha kavu inayofanana na ya faili lenyewe, bila maombolezo. Baadhi ya wasomaji wameuona mwisho huo kuwa wa haraka. Kwa maoni ya makala haya, haraka hiyo ina maana. Miaka yote ya Afiya imejibiwa kwa tarehe na jina la kambi. Riwaya imetumia mamia ya kurasa kutufanya tujue upungufu wa jibu hilo.

Kasoro ya riwaya iko kwingine. Ufumbuzi wote unapatikana Ujerumani, katika mikono ya taasisi za Kijerumani, na kijana wa Kiafrika anakuwa mwombaji mbele ya dawati. Huo ni uhalisi, lakini riwaya haiulizi kwa nini iwe hivyo. Aidha, imeandikwa kwa Kiingereza. Paradise, riwaya ya awali ya Gurnah, ilifasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi mwaka 2022, na tafsiri hiyo ilionesha jinsi mazungumzo ya wahusika yanavyorudi nyumbani yakisemwa kwa Kiswahili. Kumbukumbu ya askari wa Mrima inayosomwa zaidi London kuliko Kilwa ina ukimya wa hatua ya nne usioweza kuondolewa na mwandishi peke yake.

5.0 The Empty Grave: Waraka Ulio Mfupa

Katika kazi ya tatu hakuna mhusika wa kubuni. Filamu ya Wegner na Mlay inafuatana na familia mbili. Moja ni ya ukoo wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, ambaye inaaminika kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Nyingine ni ya Meru, inayomtafuta Mangi Lobulu, aliyenyongwa mwaka 1900. Kitukuu wa Songea na mkewe wanasafiri hadi Berlin kutafuta kile ambacho kaburi la Songea halina.

Hapa maana ya neno nyaraka inageuka. Wataalamu wa Berlin walikusanya mafuvu kutoka makoloni kwa madai ya sayansi ya mbari, wakayaandika namba, na kwa kuyaandika wakayafanya kuwa vitu vya hifadhi. Mkusanyo binafsi wa Felix von Luschan uliuzwa New York baada ya kifo chake mwaka 1924, kwa hiyo ndugu wa marehemu anaweza kulazimika kubisha hodi katika mabara mawili. Utafiti uliotangazwa Berlin mwaka 2023 ulihusu mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mengi yalitoka Rwanda, na takriban 200 katika Tanzania ya leo. Vipimo vya vinasaba vililinganishwa na familia za Kilimanjaro, na machache yakapata jamaa zake. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Songea na kuomba msamaha.

Msanii wa hadithi angeweza kulijaza kaburi hili. Angeweza kuandika onyesho la fuvu likirudi, ngoma zikipigwa, wazee wakilipokea. Filamu haifanyi hivyo, na hapo ndipo ilipo nguvu yake. Inaonesha safari, ofisi, ahadi, subira, na watu wenye adabu wanaosikiliza kwa huruma na kutokuwa na jibu. Mtazamaji anatoka akiwa na deni. Tofauti na Kinjeketile, aliyeongezewa siku na mwandishi ili aseme neno lake, Songea Mbano hasemi chochote katika filamu. Wanaosema ni wajukuu na vitukuu, na wanalolisema ni dai: mtu wetu arudi azikwe kama mtu. Kwao suala si kuhifadhi urithi. Mfiwa hahifadhi, huzika.

Filamu nayo ina mipaka. Ni kazi iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Wajerumani na Watanzania na kuoneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Berlin, mji uleule unaodaiwa mabaki. Ushirikiano huo umeleta haki fulani: mwongozaji mmoja ni Mtanzania, na familia zinazungumza kwa lugha zao. Lakini upo uwezekano kwamba hadhira ya Ulaya itaridhika na kule kuhuzunika kwake ukumbini, na ikahesabu huzuni hiyo kuwa sehemu ya malipo. Filamu inajitahidi kuizuia faraja hiyo kwa kukataa tamati. Haiwezi kuizuia kabisa.

6.0 Mjadala

Tukiziweka kazi hizi tatu pamoja, tunaona njia tatu za kusimama mbele ya pengo. Hussein anabuni, na anatangaza kwamba amebuni. Gurnah anabuni waliongoja, kisha anaiacha nyaraka ifike na kujidhihirisha kuwa haitoshi. Wegner na Mlay hawabuni. Wanalishikilia pengo wazi mbele ya kamera hadi liwe swali la kisiasa. Njia hizo hazilingani kwa thamani katika kila hali. Pale ambapo hakuna fuvu la kudai wala faili la kufunguliwa, kama ilivyo kwa mawazo ya Kinjeketile, ubunifu ndio njia pekee. Pale ambapo kuna kitu kilichoibwa na anayekishikilia anajulikana, ubunifu unaojaza pengo unaweza kumtuliza mdaiwa.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba taifa linahitaji masimulizi kamili, na kwamba kumwachia kijana wa kidato cha tatu shaka na mapengo ni kumnyima urithi wake. Hofu hiyo ni ya kweli, na Kinjeketile wa Hussein aliihisi alipokataa kukana. Lakini yeye alikataa akiwa mbele ya adui aliyetaka kulitumia neno lake. Sisi hatumo tena katika chumba kile. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba hatujui alichokiwaza Kinjeketile, na kwa nini hatujui, amepewa kitu kikubwa kuliko shujaa wa kukariri. Amepewa sababu ya kuuliza nani aliandika, nani hakuandikwa, na mabaki yako wapi.

Kwa hiyo makala haya yanapendekeza maswali matatu kwa mhakiki wa kazi za kumbukumbu ya ukoloni. Kwanza, kazi imeanzia katika waraka wa nani, na inamjulisha msomaji jambo hilo? Pili, msanii ameongeza nini, na nyongeza hiyo inaonekana kuwa nyongeza? Tatu, kazi imerudi kwa nani, yaani kwa lugha gani na kwa hadhira ipi? Kinjeketile inafaulu katika swali la pili na la tatu kwa kiwango kikubwa, ingawa wasomaji wake wamelisahau la pili. Afterlives inafaulu katika la kwanza na la pili na kupungukiwa katika la tatu. The Empty Grave inalijibu la kwanza kwa uwazi kuliko zote, na jibu lake kwa swali la tatu litategemea itaoneshwa wapi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kauli ya kuhifadhi historia haitoshi kueleza kazi ya msanii mbele ya nyaraka za wakoloni. Kinachohifadhiwa katika kazi zilizo bora ni umbo la kile kilichokosekana. Matokeo ya hoja hii kwa ufundishaji ni mepesi kutekelezwa. Kinjeketile isomwe pamoja na utangulizi wake na pamoja na masimulizi ya wazee yaliyokusanywa katika miaka ya 1960, ili mwanafunzi aone mahali mwandishi alipoachana nayo. Afterlives ipatikane kwa Kiswahili katika maktaba za shule. The Empty Grave ioneshwe Songea na Meru mara nyingi kuliko Berlin, na majadiliano baada ya maonyesho yaandikwe, kwa kuwa nayo ni ushahidi.

Kila mwezi Februari watu hukusanyika katika makumbusho ya Maji Maji mjini Songea kuwakumbuka walionyongwa. Kaburi la Nduna lipo, na ndugu zake wanajua kisichokuwamo. Uhakiki unaolisoma kaburi hilo kama sitiari tu utakuwa umekosea. Ni kaburi, na linangoja.